Maswali ya Wasomaji: Barabara ya Mombo–Soni–Lushoto

SWALI: Ramani inaonyesha Lushoto iko juu tu ya Mombo. Mbona barabara inazunguka hivyo? Nitakwenda na gari dogo la otomatiki. (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Macho yako hayajakosea. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 10, lakini kwa gurudumu ni kama 32. Kati ya miji hiyo miwili umesimama ukuta wa Usambara, kwa hiyo barabara inaelekea kwanza mashariki, inafuata bonde hadi Soni, ndipo inageuka kaskazini-magharibi kuitafuta Lushoto.

Ukitokea Dar es Salaam, pita Segera na Korogwe, kisha ingia kulia Mombo. Anayetoka Moshi anaingia kushoto. Jaza mafuta hapo hapo. Lami ipo hadi Lushoto, ila tenga saa nzima. Mombo iko kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari na Lushoto kwenye 1,400, na sehemu kubwa ya kupanda huko unaimaliza kabla ya Soni, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili. Piga honi kabla ya kila kona usiyoiona mwisho wake. Pale Soni maporomoko yanaonekana kando ya barabara; ukishayatazama, usifuate njia ya Bumbuli.

Injini ikianza kuchemka, zima kiyoyozi, egesha mahali papana na uiache ipoe. Kifuniko cha rejeta usikiguse kikiwa cha moto.

SWALI: Nikishuka, breki hutoa harufu ya kuungua, na mara moja pedali ilizama. Nibadilishe pedi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Zikaguliwe, ndiyo, lakini pedi mpya nazo zitaungua ukiendelea kushuka hivyo. Mguu unaokaa juu ya breki kilomita nzima huzipa moto hadi zinapoteza mshiko; joto likifika kwenye mafuta ya breki yanachemka, yanatoa mapovu, na pedali inakanyaga hewa. Mafuta ya zamani yaliyonyonya unyevu huchemka mapema zaidi, kwa hiyo yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Ingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, si katikati yake: ya pili kwa gari la gia za mkono, L au 2 kwa otomatiki. Kanuni nzuri ni kushuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu sekunde chache, achia kabisa, rudia. Kamwe usiweke gia huru (neutral) ili kubana mafuta.

Kwa kawaida anayepanda ndiye hupishwa. Hapa tunashauri vingine mbele ya lori la Fuso: linaloshuka ndilo lenye mzigo wa kabichi na viazi wa kwenda Dar. Wewe mwenye gari dogo, lipishe.

SWALI: Masika nipite lini? (Msomaji, Same)

JIBU: Mchana, na si mara tu baada ya mvua kubwa. Udongo uliokatwa kupitisha barabara hulowa, mitaro huziba, na kipande cha mlima hushuka. Ukiona kokoto mbichi au tope jipya kwenye lami, usisimame chini yake; rudi mahali pa wazi. Barabara hii ni ya mkoa, hivyo taarifa hupelekwa TANROADS (Wakala wa Barabara) Tanga. TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) wanashughulikia zile za wilaya na vijijini.