Gauni lilikuwa la kijani

Mwanangu,

Salaam nyingi. Huku Morogoro hatujambo. Masika imekaza, njia ya sokoni imegeuka tope tupu, na magoti ya baba yako yanamsumbua kama kila mvua. Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Umesema mjukuu wangu kapekua albamu uliyoondoka nayo, kakuta picha yangu nimevaa gauni la kung'aa, nyuma imeandikwa 14/4/84, akakuuliza: "Hii ndiyo promu ya Bibi? Mbona amenuna?" Nawe ukakosa la kumjibu. Nilianza kukujibu kwa sauti, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Acha niandike.

Promu, hiyo dansi ya kumaliza shule ya huko Marekani anayojiandalia sasa mjukuu wangu, sisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na disko la kuagana. Kidato cha tano wanawaaga kidato cha sita, wavulana wanaalikwa kutoka shule ya jirani, wanaletwa na lori, na saa nne usiku wanarudishwa wakihesabiwa kama magunia. Mnacheza bugi wote kwa pamoja, jasho linatoka, halafu mwishoni zinapigwa bluzi mbili, zile nyimbo za taratibu za kucheza wawili wawili. Taa hazizimwi, na matroni anasimama katikati ya ukumbi na tochi yake vilevile, sijui alikuwa anaitafutia nini. Hizo bluzi mbili ndizo zilizokuwa disko. Mengine tulikuwa tunayavumilia tu.

Kulikuwa na kijana. Si baba yako, na baba yako anajua, kwa hiyo usinipigie simu ukinong'ona. Tulikutana kwenye mdahalo, tukaandikiana barua karibu mwaka mzima, za Kiswahili kigumu kuliko cha mtihani. Katika ya mwisho aliandika kwamba bluzi ya kwanza ameniwekea.

Sasa gauni. Dukani wakati ule kulikuwa na rafu, basi. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, na kitambaa ukikipata ni kile kile alichokipata mtaa mzima, mnafanana kama kwaya. Lakini shangazi yangu wa Tanga alikuwa na yadi tatu za sateni ya kijani. Ilitoka Mombasa, ikavuka Horohoro kwa njia za panya enzi zile mpaka na Kenya umefungwa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na wafichaji wa bidhaa, watu walitupa mali zao usiku, wengine mtoni, wengine porini, asubuhi watoto wanaokota. Shangazi hakutupa. Alifunga sateni yake kwenye mfuko wa nailoni, akaifukia ndani ya pipa la pumba za kuku, na kila polisi wakipita yeye anawasalimia huku anachota pumba.

Aliponipa bado ilikuwa inanuka. Niliifua mara nne kwa sabuni ya kuazima. Fundi akanishonea shingo ya mraba, mikono imejaa kama maandazi, kiuno kimebana. Zipu mji mzima hakuna. Akabandua ya suruali kuukuu ya kaki, ile ya shaba yenye meno makubwa, akaishonea mgongoni. Ndiyo maana pichani nimetazama mbele wima kama askari, sikugeuka hata kidogo. Na kwa kuwa picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe, mwambie mjukuu wangu kwamba gauni lilikuwa la kijani. Kijani cha jani la mgomba likiwa limelowa.

Disko lilipangwa Jumamosi, tarehe 14 Aprili. Alhamisi ya tarehe 12 usiku tulikuwa prepu, tunajisomea darasani. Redio ya matroni ilikuwa inasikika kutoka dirishani kwake kama siku zote, mara muziki ukakatika, na baada ya kitambo tukasikia sauti ya Mwalimu Nyerere mwenyewe. Tulisimama bila kuambiwa. Sokoine alikuwa anatoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, gari lake limepata ajali, amefariki. Dakawa. Dakawa tulikuwa tunapajua, lori la shule lilipita hapo likienda kuchukua mahindi.

Darasa zima lililia. Sokoine alipendwa, hata na watu ambao ndugu zao walikamatwa kwenye ule msako. Nami nililia, tena kuwapita wote. Nilikaa chini sakafuni, kichwa magotini, nikalia mpaka kwikwi. Matroni akaja akaniwekea mkono begani, akawaambia wenzangu kwamba hivi ndivyo alivyo mtoto mwenye uchungu na nchi yake.

Mwanangu, mimi nilikuwa nalilia bluzi.

Nilijua pale pale, hata kabla mwalimu wa zamu hajatamka, kwamba Jumamosi hakuna kitu. Na nimevaa sifa ile ya uzalendo mpaka naondoka shuleni, nikachaguliwa hata kusoma risala ya rambirambi. Hili sijamwambia mtu, ndiyo maana sauti ilikuwa inanigomea. Kila Aprili redio ikimkumbuka Sokoine, mimi nausikia ule mkono wa matroni begani. Marehemu alikuwa na miaka 45. Wakati ule niliona ni mzee aliyeishi vya kutosha. Wewe mwenyewe sasa unaukaribia umri huo.

Jumamosi mchana akatokea mpiga picha, na baiskeli yake. Habari alikuwa nazo, lakini filamu alikuwa kaichukua kwa deni na sisi tulikuwa tumeshalipa nusu. Alisimama getini na kofia mkononi kama mtu aliyekuja msibani. Walimu wakashauriana muda mrefu. Mwishowe ikaamuliwa tupigwe picha, lakini nyuma ya jiko, mmoja mmoja, na asionekane mtu anacheka. Basi fikiria: wasichana wamepanga mstari pembeni ya kuni, wamepaka poda, wamevaa nguo za disko, wamenuna wote. Viatu vya mchuchumio ilikuwa jozi moja, ya binti mmoja wa Bukoba mwenye mguu mkubwa. Ukimaliza kupigwa unavivua, anavaa anayefuata. Vyangu vimejaa karatasi za gazeti mbele, ndiyo maana nimesimama vile. Mwenye viatu alipofika zamu yake akaangua kicheko, matroni akamtoa kwenye mstari, akapigwa wa mwisho akiwa na macho mekundu. Mimi sikuhitaji kuambiwa ninune.

Tazameni kona ya kushoto chini, mtaona pembe. Huyo ni mbuzi wa sherehe, bado kafungwa pale anasubiri. Tulimla wiki iliyofuata, kimya kimya.

Disko halikupangwa tena. Ukaja mtihani, kisha tukaenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, yeye kambi yake na mimi yangu. Barua zilikuja mbili, zikakoma. Miaka mingi baadaye nilimwona stendi ya Ubungo, ana kitambi na mtoto mabegani. Tukasalimiana kwa adabu, basi langu likaitwa.

Gauni nilimwachia mama yako mdogo. Alilichezea disko lake mwaka 1986, na ile zipu ikaachia katikati ya bluzi. Alirudi bwenini kafungwa khanga, anacheka mpaka anashika ukuta. Hakuwahi kunirudishia, na hajajuta.

Umelalamika kwamba gauni la mwanao limekula karibu mshahara wa wiki, bado viatu, bado maua ya mkononi. Lipa tu, mama. Mimi nitatuma kidogo kwa simu, usiseme hapana. Na kuhusu huyo kijana atakayemfuata na gari, mwambie ashuke aingie ndani, asalimie, ale chochote. Asipige honi nje.

Siku hiyo nipigie mkiwa bado nyumbani, nimwone. Saa kumi na mbili jioni ya huko Ohio kwangu ni saa saba usiku, lakini nitakuwa macho. Mwambie ageuke nimwone mpaka mgongoni. Na zipu muijaribu siku mbili kabla, akiwa amekaa, si amesimama.

Ni mimi mama yako