Uliza Saisi: Pasipoti ya farasi ikae kwa nani?

Barua za mwezi huu zimetoka Uingereza zote tatu, na zote zinazunguka kijitabu kimoja. Kwa msomaji aliye Nairobi au Tanga ambaye hajakiona: kila farasi wa huko ana pasipoti yake. Ndani mna mchoro wa mwili wake, umri, rangi, namba ya chipu (kidude kidogo cha utambulisho) aliyochomwa shingoni upande wa kushoto, chanjo zake, na ukurasa mmoja unaosema kama anaruhusiwa kuliwa na watu au la. Mimi nimezishika nyingi, tangu nilipotoka kuosha farasi pale Ngong nikaja kufanya kazi hiyohiyo Newmarket, mji wa farasi wa mbio huko England. Na ugomvi wa pasipoti nimeamua mwingi kuliko ugomvi wa mishahara.

*Shikamoo Saisi. Kwetu ni Mombasa, sasa naishi karibu na Ipswich. Binti yangu ana farasi jike wa kijivu, tunamweka kwenye zizi la kulipia. Wao ndio wanaomlisha, wanaofagia, wanaomtoa malishoni. Sisi tunakwenda Jumamosi na Jumapili. Juzi mwenye zizi ametuma ujumbe kwamba pasipoti zote ziletwe ofisini, zitafungiwa kabatini. Mume wangu amekataa katakata. Anasema mwenye pasipoti ndiye mwenye farasi, na siku tukichelewesha malipo tutaambiwa mnyama si wetu. Nani yuko sawa?*
*Mama wa Mpanda Farasi*

Marahaba mama. Mwambie baba watoto kwamba wasiwasi wake nauelewa, ila ameshika mkia akidhani ni hatamu.

Pasipoti ya farasi haifanani na kadi ya gari. Ifananishe na kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi ya kliniki anaishika anayempeleka mtoto kupimwa uzito, hata kama ni shangazi anayemlea, na hakuna muuguzi atakayesema kwa sababu hiyo shangazi ndiye mzazi. Pasipoti inasema farasi huyu ni nani. Jina la mwenyewe limeandikwa humo, ndiyo, na ukinunua farasi una siku 30 za kuibadilisha iwe kwa jina lako. Lakini mkifika mbele ya hakimu, kijitabu peke yake hakithibitishi umiliki. Kinachowalinda ni risiti ya manunuzi, malipo yaliyopita benki, na mkataba wenu na zizi. Hivyo ndivyo vya kufungia kabatini nyumbani.

Sasa sheria. Kanuni za England za mwaka 2018 zinataka pasipoti iwe pamoja na farasi. Akiwa bandani au malishoni inaweza kuwa mahali pengine, mradi ikiulizwa itolewe bila kuchelewa. Akipanda lori kwenda kokote, inapanda naye. Kwa hiyo jiulize swali dogo: farasi wa binti yako akishikwa na tumbo saa 9 usiku, nani ataamka kumfungulia daktari geti? Si wewe, mama, wewe uko Ipswich umelala. Ni wale wa zizini. Basi pasipoti ikae kwao.

Na msimdhanie mwenye zizi ubaya. Februari 2019 mafua ya farasi yaliingia kwenye mazizi ya mbio, na mbio za Uingereza nzima zikasimama siku 6. Nilikuwa Newmarket wiki ile. Mji ambao asubuhi husikii kitu isipokuwa kwato ulikuwa kimya hata njiwa unawasikia. Kila mwenye zizi niliyemjua alikuwa anatafuta kitu kimoja: ukurasa wa chanjo. Waliokuwa na pasipoti kabatini walimaliza kazi kabla ya chai. Waliowaachia wateja walishinda kwenye simu siku mbili, na bado kuna mama mmoja aliyeleta pasipoti ya farasi aliyekwisha kufa.

Kuhusu deni: kwa sheria ya England, mwenye zizi la kulipia hana haki ya kumzuia farasi wako kwa ajili ya deni la malisho kwa sababu tu umemlaza kwake. Anaipata haki hiyo kama mkataba unampa. Kwa hiyo mume wako asome mkataba, hasa kile kifungu cha nyuma ambacho hakuna anayekisoma. Akikuta maneno ya kumzuia farasi au kumuuza, hapo ndipo pa kubishania. Kabla ya kukabidhi, pigeni picha kila ukurasa, pamoja na zile tupu, na mwenye zizi awaandikie mstari mmoja kwamba ameipokea tarehe fulani. Atakayegoma kuandika mstari huo, mimi pia ningemnyima.

Mngekuwa mnakodi banda tupu, mnalisha na kufagia wenyewe asubuhi na jioni, ningejibu tofauti. Hapo watunzaji ni nyinyi, na pasipoti ingekaa kwenu, karibu vya kutosha kuifikisha haraka.

*Kaka Saisi, mambo? Mimi ni Mtanga, niko Leeds. Nimeazima farasi kwa mama mmoja ambaye magoti yamemshinda. Mkataba miezi 12, gharama zote kwangu. Amenipa kopi za rangi za pasipoti, nzuri kweli, amezitia na plastiki. Yenyewe kabaki nayo, kwa sababu amesikia watu wanauza farasi wa kuazima. Anaishi mwendo wa saa 4 kwa gari. Naona haya kumsumbua, maana amenitendea wema. Kopi hazitoshi?*
*Mwazimaji*

Poa, mdogo wangu. Hazitoshi. Plastiki haiigeuzi kopi kuwa pasipoti. Anayemtunza kila siku ni wewe, kwa hiyo anayetakiwa kuwa nayo ni wewe, na afisa akija ataitaka yenyewe.

Lakini tuache maafisa, sijaona wengi. Nikwambie yaliyonikuta mwaka 2014. Nilikuwa natunza dume mmoja mwekundu, amehasiwa, mkubwa kama kabati la nguo, aliyeazimwa na msichana wa zizini kwetu. Mwenyewe alikuwa Cornwall, mbali kusini-magharibi mwa England, na pasipoti alibaki nayo kwenye droo, kwa hofu hiyohiyo ya mama aliyekuazima wewe. Asubuhi moja nafungua mlango, farasi hatoki. Amesimama amerudisha uzito wote nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha kama mtu anayekanyaga mchanga wa saa 7 mchana. Nikashika kwato: moto. Nikaweka kidole nyuma ya kifundo, mshipa unapiga kama ngoma. Laminitisi, ule uvimbe wa ndani ya kwato unaouma vibaya.

Daktari akaja, akaangalia, akasema angependa kuanza na byuti. Hiyo ni fenilbutazoni, dawa ya maumivu ambayo kila zizi linaijua. Akanyoosha mkono: pasipoti? Nikamwonyesha kopi, na ukurasa wa mwisho uliopigwa kopi ulikuwa wa chanjo. Ule wa nyama haukuwapo.

Hapo nikueleze kwa nini daktari anaujali ukurasa huo. Farasi akishapewa byuti, nyama yake haitakiwi kufika kwenye sahani ya mtu maisha yake yote, na ukurasa unatiwa saini kusema hivyo. Saini hiyo haifutiki. Na mwaka mmoja kabla ya kisa changu, Januari 2013, nyama ya farasi ilikuwa imegunduliwa kwenye baga za ng'ombe madukani Ireland na Uingereza. Madaktari wa wanyama walikuwa bado wanatembea kwa kunyatia. Hana pasipoti, hajui farasi ni wa kuliwa au si wa kuliwa. Basi anamchukulia kuwa wa kuliwa.

Akampa dawa nyingine inayoruhusiwa kwa wote. Ilisaidia, sitasema haikusaidia, ila daktari mwenyewe alisema si aliyoitaka. Msichana analia, mimi nabeba maranda ya mbao kumtandikia alale, mwenyewe hapokei simu. Siku ya tatu bahasha ikafika kwa posta. Nikaifungua palepale uwanjani. Ukurasa ulikuwa umetiwa saini miaka 6 nyuma! Siku tatu zote dawa ilikuwa inaruhusiwa, na saini imelala kwenye droo Cornwall. Siku hizi kuna kanzidata ya serikali, daktari anaweza kuulizia hali ya farasi kwa namba ya chipu. Hata hivyo kitabu kinahitajika, kwa sababu byuti ikitolewa ni lazima saini iwe imeingia humo.

Kwa hiyo msumbue mama huyo. Ila msumbue kwa adabu, maana hofu yake ina msingi: farasi wa kuazima huuzwa kweli. Usiende na "nipe pasipoti". Nenda na kitu mkononi. Mwambie mkataba uongezewe kifungu kwamba pasipoti umepokea kwa utunzaji tu, huna ruhusa ya kumuuza, kumwazimisha mtu wa tatu wala kumhamisha zizi bila maandishi yake, na siku mkataba ukiisha farasi na kitabu vinarudi pamoja. British Horse Society wana mfano wa mkataba wa kuazima, msianze na karatasi tupu. Kisha mshauri yeye mwenyewe aiandikie ofisi iliyotoa pasipoti kwamba farasi yuko kwako kwa mkopo na mwenyewe bado ni yeye, jibu alitunze. Risiti yake ya kumnunua abaki nayo, na picha za farasi za pande zote mbili, pamoja na vizingo vya manyoya usoni. Akishaona vyote hivyo umevileta wewe, mwenyewe atakutafutia bahasha.

Akikataa bado? Mrudishie farasi wake, kwa heshima. Najua inauma. Lakini ukimtunza bila kitabu, usiku wa maradhi utakuwa peke yako na zile kopi zako za plastiki.

*Saisi, swali fupi. Tumehamia shamba Norfolk, mwenye shamba anatuachia punda wawili tuwatunze. Ni punda tu. Nao pasipoti?*
*Mjukuu wa Lamu*

Nao. Punda, farasi, hata pundamilia kama jirani yako anafuga. Mwenye shamba akukabidhi vitabu viwili siku anapokukabidhi kamba, na uhakikishe mchoro wa kila mmoja unalingana na aliye mbele yako, maana punda wawili wa kijivu wenye msalaba mgongoni hubadilishana vitabu kwa urahisi. Pitisha kisoma-chipu shingoni, usiamini macho.

Babu yangu alikuwa na punda saba Lamu, wakibeba mawe ya matumbawe mchana kutwa, na karatasi pekee waliyowahi kuwa nayo ni ile waliyoila dukani kwa watu. Nitumie picha za hao wawili.