Kaunta ikirudi 0001: kamera haijaharibika, ila usibofye "Badilisha"

Mkuu, umesema namba za picha kwenye kamera yako zimefika 9999 zikaanza tena 0001, na sasa kila ukihamisha picha kompyuta inakuuliza kama ibadilishe faili zilizopo. Jibu la haraka: usikubali. Sitisha, fungua folda mpya tupu, mwaga humo hizo picha mpya, halafu rudi usome yaliyobaki.

Mimi swali hilo la kompyuta niliwahi kulijibu vibaya. Tulikuwa wapiga picha wawili kwenye harusi, kamera zetu za kampuni moja, zote zikiyapa mafaili majina ya DSC_ na tarakimu nne. Usiku nimechoka, kadi yangu nikaimwaga kwenye folda niliyoiita "harusi", nikaifomati papo hapo maana kesho yake nilikuwa na kazi nyingine. Kadi ya mwenzangu nikaimwaga humohumo. Kompyuta ikauliza, nikaweka tiki kwenye "fanya hivyo kwa zote" nikabofya Badilisha, nikidhani inasema kuhusu faili chache nilizokopi mara mbili. Asubuhi nafungua DSC_0412 nione maharusi wakivishana pete. Nakuta dari. Mwenzangu alikuwa anajaribu flashi yake.

Siku ile ndiyo nilianza kufuatilia haya majina yanatoka wapi. Kamera karibu zote zinafuata utaratibu uitwao DCF, uliotolewa Japani mwaka 1998 na chama cha viwanda vya elektroniki, ili kadi ya kamera moja isomeke kwenye vifaa vingine. Ndani ya kadi kuna folda mama, DCIM. Chini yake kuna folda ndogo zenye jina la nafasi nane: tarakimu tatu, 100 hadi 999, kisha nafasi tano anazojaza mtengenezaji atakavyo. Ndiyo maana unakuta 100CANON, au 100MSDCF kwenye Sony, au 100_FUJI. Jina la faili nalo lina nafasi nane: nne za herufi, nne za tarakimu, kuanzia 0001 hadi 9999. Nane hizo, na tatu baada ya nukta, ni urithi wa FAT, mfumo wa kupanga faili wa enzi za DOS, programu endeshi ya kompyuta za zamani, ambapo jina halikuruhusiwa kuzidi hapo. Kadi imekua ikafika mamia ya gigabaiti, jina limebaki na nguo za utotoni.

Halafu usidanganywe na majina ya Sony. DSC00001 inaonekana ina tarakimu tano, lakini ile sifuri ya kwanza inahesabiwa upande wa herufi. Ikifika DSC09999 inarudi mwanzo kama yako. Na ukiona jina limegeuka kutoka IMG_ kuwa _MG_, au DSC_ kuwa _DSC, hujaharibu kitu: kuna mtu kabadilisha mpangilio wa rangi kwenye menyu kwenda ule uitwao Adobe RGB, na kistari cha mbele ndiyo alama yake.

Sasa tuje kwenye tatizo lako. Namba zikiisha, kamera inafungua folda inayofuata na kuanza upya. Kwenye kadi hakuna ugomvi, kwa sababu 100CANON/IMG_0001 na 101CANON/IMG_0001 ziko nyumba tofauti. Ugomvi unaanza pale unapozitoa zote na kuzilundika kwenye folda moja ya kompyuta. Ukuta uliokuwa unazitenganisha unakuwa umeuvunja wewe.

Angalia pia menyu ya kuhesabu namba za faili. Kwa kawaida kuna kuendeleza na kuna kuanza upya kila kadi au folda mpya. Weka kuendeleza. Ukiiweka kwenye kuanza upya, utapata IMG_0001 kila ukifomati, yaani mgongano wa kila wiki badala ya mmoja kila picha elfu kumi. Lakini hata kuendeleza kuna mtego wake: ukichomeka kadi ya mtu yenye picha za namba kubwa kuliko zako, kamera inaweza kuendelea pale alipoishia yeye. Niliruka hivyo kutoka elfu mbili na kitu hadi elfu saba kwa kuazima kadi dakika tano. Kwa hiyo muuza kamera akikuonyesha IMG_0830 kama ushahidi kwamba kamera imepiga picha mia nane tu, mwambie atafute hadithi nyingine.

Ninavyofanya siku hizi: kila kazi ina folda yake yenye tarehe, mwaka mbele, mfano 2024-05-18. Ndani yake kila kamera ina folda yake. Kisha programu ya kuingizia picha inabadilisha majina yote kwa mpigo, ikisoma muda wa kupiga uliofichwa ndani ya picha yenyewe, kwenye taarifa za EXIF, na kuacha namba ya asili mwishoni: 20240518_143207_A_0412. Hiyo A ni kamera yangu. Kamera nyingi pia zinaruhusu kubadili zile herufi tatu za mwanzo. Nimeweka zangu, mwenzangu zake, na hilo peke yake lingetuokoa siku ile.

Kama unapiga RAW (faili ghafi ya kamera) na JPEG (picha ya kawaida iliyobanwa) pamoja, badilisha jina la zote mbili kwa wakati mmoja. Kinachozifanya ziwe pacha ni jina moja tu. Na kamwe usibadilishe majina zikiwa bado kwenye kadi, kamera inaweza kukataa kuzionyesha.

Video usizisahau. Kwenye Sony nyingi hazikai DCIM, ziko kwenye folda PRIVATE, ndani ya M4ROOT. Nimeona watu wakikopi DCIM, wakafomati, wakaanza kulia.

Picha zangu za harusi ile zilipona, sehemu kubwa. Kufomati kwa kawaida kunafuta orodha tu, picha zenyewe zinabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na bahati yangu kadi ile sikuitumia tena. Nilipitisha PhotoRec, programu ya kurudisha picha zilizofutwa. Inarudisha picha lakini si majina, nikapata mamia ya faili zinazoanza na f na namba ndefu zisizo na maana. Nikazipanga kwa muda wa EXIF, nikachanganya na za mwenzangu, na hapo maharusi wakatoka ukumbini kabla ya kuingia. Saa ya kamera yake ilikuwa nyuma dakika saba. Tangu hapo kabla ya kazi kila mmoja anapiga picha ya skrini ya simu moja inayoonyesha saa na sekunde, baadaye tunajua ni kiasi gani cha kusogeza.

Kama kuna kundi ulishabofya Badilisha kabla hujauliza hapa, tafuta kadi iliyokuwa na zile picha za zamani, itoe kwenye kamera sasa hivi, na usipige nayo hata picha moja ya majaribio.