Nikimsema jirani kwa sheha, nimeteta?

SUALI: Assalamu alaykum sheikh. Jirani yangu huku Micheweni, Pemba, mumewe yuko dago (kambi ya uvuvi wa mbali) upande wa Kenya, mwezi wa tano huu hajaleta hata shilingi. Mama analima mwani. Bamvua likifika, maji yakikupwa sana, huwafungia watoto ndani, mkubwa ana miaka saba. Juzi mdogo kaungua na uji. Akirudi amechoka, huwapiga kwa lolote. Wakwe wanasema ya ndani hayatoki nje, na ustadhi mmoja kaniambia nikienda kwa sheha, mkuu wa shehia yetu, nimeteta na nimeacha kumsitiri Muislamu mwenzangu. Nina dhambi? Na zaka yangu naweza kumpa, ilhali ana mume?

JAWABU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Zaka mpe. Mume asiyeleta, na nafaqa yake (matumizi anayompasa mkewe) haipatikani, hamtoi mkewe katika mafakiri waliotajwa katika Attawba aya ya 60.

La ustadhi ndilo lililoninyima raha. Hadithi ya kusitiri ni sahihi, lakini kaiweka pasipo pake. Anayesitiriwa ni mja aliyeteleza, jambo likapita. Mtoto anayeungua leo na kesho akafungiwa tena, hapo kuna anayedhuriwa, na Mtume (s.a.w.) kasema: mnusuru ndugu yako akiwa dhalimu au akiwa kadhulumiwa. Imamu Nawawi, tunayemsomesha kila darsa, katoa mambo sita yasiyokuwa ghiba, yaani kuteta, na mojawapo ni kutaka msaada wa kuondoa munkari, jambo ovu. Ustadhi hakulifikia, au kalifikia akaliruka? Na wakwe hao wanaolinda siri ya nyumba, mchele wameupeleka lini? Hao watoto ni damu yao.

Na asije mtu na hadithi ya kumpiga mtoto kwa ajili ya Sala. Ile imetaja miaka kumi, na mafakihi wameshurutisha kipigo kisichoumiza. Huyu mkubwa ana saba.

Lakini usiende kwa sheha kama unayemshitaki mwizi. Wapo wanaosema mama huyo anyang'anywe watoto. Wamkumbuke Sayyidna Umar: alipokuwa khalifa alimsikia usiku mtoto mchanga akilia, akamuuliza mama yake. Kumbe anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hakuwa akiwaandikia posho ila watoto walioacha ziwa. Alipoijua sababu, lawama alijitupia mwenyewe. Alisalisha Alfajiri huku analia, kisha akaamuru kila mtoto wa Kiislamu aandikiwe tangu kuzaliwa.

Kwa hiyo anza kwake mwenyewe. Mwambie, "Shoga, bamvua likija niletee watoto." Pangeni zamu na majirani wawili watatu, kwani mwani haumngoji mtu. Mdogo apelekwe kituo cha afya, kidonda cha uji hakiponi kwa dawa ya meno. Kisha mfuate sheha pamoja naye, awafikishe Ustawi wa Jamii. Ukiona kipigo kimezidi, usingoje kikao: piga 116, namba ya kusaidia watoto.

Na asimsubiri mume arudi dago. Katika madhehebu yetu ya Shafi, nafaqa ya mke iliyopita hubaki kuwa deni juu ya mume, lakini ya watoto huanguka kwa kupita siku ila kadhi akiingia kati. Kila mwezi anaonyamaza, haki ya wanawe inapotea. Aende Mahkama ya Kadhi ya wilaya wiki hii, nawe mshikie watoto siku hiyo.

Wallahu aalam.