Kihariri cha maandishi kwa anayehama kati ya Windows, macOS na Linux

Mtu anayetumia Windows ofisini, macOS nyumbani na seva ya Linux anayoingia kwa mbali asianze kwa kuuliza kihariri kipi ni bora kuliko vyote, bali kipi atakikuta popote atakapoketi. Kwa kigezo hicho Notepad++, ninayoipenda kwa wepesi wake, huenguliwa mapema, kwani imetengenezewa Windows pekee. Mimi nimebaki na mbili: Visual Studio Code, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2015, na Vim, kazi ya Bram Moolenaar iliyotoka mwaka 1991. Ya kwanza ndiyo ninayoshinda nayo; ya pili sikuichagua kwa mapenzi, ila seva nyingi huwa nayo, au huwa na vi (kihariri cha zamani kilichoitangulia), na huduma inapozimika usiku wa manane hakuna anayetaka kuanza kusakinisha programu.

Kabla ya kuhangaikia rangi na fonti (wengi huishia hapo), shughulikia miisho ya mistari. Windows kwa desturi humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF, ilhali Linux na macOS hutumia LF peke yake. Ndiyo maana skripti ya shell (faili la amri za kuendeshwa mfululizo) iliyoandikwa kwenye Windows inaweza kugoma kwenye seva, ikitoa ujumbe wenye ^M, ingawa ukiifungua huoni kosa lolote. Katika Visual Studio Code, tazama chini upande wa kulia: pakiwa pameandikwa CRLF, bofya hapo, chagua LF, kisha hifadhi. Katika Vim, andika :set ff=unix, kisha :w. Usimbaji, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa kwenye faili, nao uwe UTF-8 isiyo na BOM (alama ya usimbaji inayowekwa mwanzoni mwa faili), kwa kuwa baiti zake tatu huweza kuiharibu skripti ileile.

Mipangilio ya namna hii naiweka kwenye faili la .editorconfig ndani ya folda ya mradi, ili ifuatane na kazi yenyewe badala ya kubaki kwenye kompyuta moja; mistari ya end_of_line = lf na charset = utf-8, chini ya mstari wa [*], yatosha kuanzia. Visual Studio Code itahitaji kiendelezi kidogo ili kulisoma. Faili la mipangilio ya Vim, .vimrc, ambalo kwenye Windows kwa kawaida huitwa _vimrc, liwe fupi na lisitegemee programu-jalizi yoyote, kwa sababu kwenye seva ya mteja huenda usiruhusiwe kuziweka.