Mitihani iliyopita kila kipindi, mbona alama za ufahamu hazipandi?

Swali: Ninafundisha lugha kwa wanafunzi wa miaka 11 na 12. Imebaki miezi minne wafanye mtihani sanifu, na uongozi unataka kila kipindi tufanye mitihani iliyopita. Tumeshafanya kumi, alama za ufahamu ziko palepale. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, mtihani hupima kusoma, haufundishi kusoma. Anayekwama leo atakwama na kwenye karatasi ya kumi na moja.

Kaa na kila anayefeli, akusomee kifungu kwa sauti, dakika moja tu. Akikokota silabi, nguvu zake zinaishia kwenye herufi. Huyo anahitaji kusoma kwa sauti kila siku, kifungu kilekile mara tatu au nne mpaka kiteleze. Akisoma vizuri lakini akashindwa kukusimulia, amepungukiwa msamiati au hajui mada. Watafiti wa usomaji Gough na Tunmer walilisema mwaka 1986: ufahamu ni zao la kuzidisha, kutambua maneno mara kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, zao ni sifuri.

Mitihani iliyopita usiitupe. Kifungu kimoja kwa wiki kinatosha, mradi mkichambue. Darasani kwangu tulikuwa na sentensi hii: “Mto ulifurika usiku ule, na barua ikafika siku tatu baadaye.” Kwa nini barua ilichelewa? Wengi walichagua “iliandikwa kwa kuchelewa”. Nikawaambia wanionyeshe mstari unaosema hivyo. Wakatafuta, kimya. Kisha binti mmoja, kidole kikiwa bado kwenye neno “ulifurika”, akasema, “Kumbe njia haikupitika!” Hakuna aliyemwambia, ameunganisha mwenyewe. Maswali ambayo jibu lake limedokezwa tu hufundishwa hivyo, na mitihani kumi ya haraka haraka haifiki hapo.

Vipindi vingine someni habari ndefu, mkikaa kwenye mada moja wiki mbili au tatu ili maneno yajirudie. Watafiti Recht na Leslie walionyesha mwaka 1988 kwamba wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo wa besiboli waliikumbuka habari ya besiboli vizuri zaidi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo vitabu vya sayansi na historia navyo ni maandalizi ya ufahamu.

Kupangilia muda, kusoma maagizo na kujaza karatasi ya majibu viachie wiki mbili za mwisho. Uongozi ukiuliza, wapelekee rekodi za ile dakika moja: ya leo, na ya mwezi ujao.