Maswali na Majibu: Akademia ya Kihispania ina nguvu gani?

Maswali ya safari hii yanahusu Akademia ya Kifalme ya Kihispania iliyoko Madrid, ambayo wanaojifunza lugha hiyo huijua kwa kifupi cha RAE. Lile la Mexico nimelijibu kwa kirefu kuliko mengine, kwa kuwa linatugusa sana sisi wenye lugha inayovuka mipaka.

Nani aliianzisha, na kwa nini? (Mwanafunzi, Dodoma)

Ilianzia nyumbani kwa mtu. Mwaka 1713 Juan Manuel Fernández Pacheco, Marqués de Villena, aliwakusanya wasomi wenzake mjini Madrid wakakubaliana kutunga kamusi. Waitaliano walikuwa wametoa kamusi ya akademia yao ya Crusca mwaka 1612, na Wafaransa walikuwa na Akademia tangu 1635. Wahispania, pamoja na utajiri wote wa fasihi yao, hawakuwa na chombo cha namna hiyo. Mfalme Felipe V akawapa kibali mwaka 1714.

Kamusi yenyewe ilitoka kwa majuzuu sita kati ya 1726 na 1739, na kwangu hiyo bado ndiyo kazi yao tukufu kuliko zote. Inaitwa Diccionario de autoridades kwa sababu maana za maneno zilithibitishwa kwa mistari iliyonukuliwa kutoka kwa waandishi. Wasomi wale hawakujifungia katika lugha ya ikulu, maana waliingiza maneno ya mikoani na hata lugha ya siri ya wezi. Tahajia ikafuata mwaka 1741, na sarufi mwaka 1771.

Je, ni kweli kwamba RAE ikilikataa neno, huruhusiwi kulitumia? (Msomaji, Mombasa)

Si kweli. Akademia haimtozi mtu faini. Serikali iliwahi kuiongezea nguvu mwaka 1844, Malkia Isabel II alipoamuru shule za Hispania zifuate tahajia yake, lakini mtu mzima anayeandika barua au riwaya huifuata kwa kuiamini tu.

Asipoiamini, huiacha. Mwaka 2010 walishauri watu waache kuweka alama ya mkazo juu ya neno "solo" linapotumika kwa maana ya "tu". Waandishi wengi waligoma, akiwemo Arturo Pérez-Reverte ambaye ni mwanachama wa Akademia hiyohiyo. Mwaka 2023 Akademia ikafafanua kwamba mwandishi anayeona kuna utata anaweza kuiweka.

Tena, neno kuwamo kamusini si sawa na kupewa baraka. Kila baada ya muda watu hukasirika wakidai RAE "imekubali" almóndiga, matamshi ya mtaani ya neno albóndiga, yaani kababu la mviringo. Neno hilo limo tangu juzuu ya 1726, na kamusi ya leo inaeleza wazi kwamba limepitwa na wakati na kwamba ni la lugha isiyo sanifu. Kamusi inamsaidia yule atakayekutana nalo katika maandishi ya kale. Kulifuta kungekuwa kumnyima msomaji huyo haki yake.

Mexico ina watu wengi kuliko Hispania. Kwa nini wakubali kuamuliwa na Madrid? (Mwalimu, Kisumu)

Mwalimu, hawakubali, na ndiyo maana mambo yamekwenda vizuri. Wanaozungumza Kihispania kama lugha ya kwanza wanakaribia milioni 500, na Hispania yenyewe haifikishi hata mmoja katika kumi. Kama Madrid ingeng'ang'ania kuamua peke yake, lugha ingeweza kugawanyika.

Na ilikaribia. Baada ya uhuru wa nchi za Amerika, wako waliotaka kujitenga hata kwa maandishi. Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas aliyefanya kazi kubwa ya elimu nchini Chile, alipendekeza tahajia nyepesi zaidi. Chile ikaanza kutumia sehemu ya mapendekezo hayo mwaka 1844, mwaka uleule wa amri ya Malkia, na ikarudi kwenye tahajia ya Akademia mwaka 1927 tu. Lakini Bello huyohuyo, katika sarufi yake ya mwaka 1847 aliyowaandikia Waamerika, aliwasihi wasiiache lugha ivunjike vipandevipande kama Kilatini kilivyovunjika. Alitaka umoja, ila umoja ambao Mchile na Mvenezuela wana haki ndani yake sawa na mtu wa Madrid.

Jibu lilianza kupatikana Bogotá. Mwaka 1871 wasomi wa Kolombia waliunda akademia yao, ya kwanza Amerika, kwa kushirikiana na Madrid. Tafadhali utazame mwaka huo vizuri: Hispania na Kolombia zilitia saini mkataba wa amani mwaka 1881. Watu wa kamusi walipatana miaka kumi kabla ya serikali zao. Ekuador ikafuata mwaka 1874, Mexico 1875, kisha nyingine.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1951, Rais Miguel Alemán wa Mexico alipozialika akademia zote kwenye mkutano. RAE haikwenda. Serikali ya Franco, dikteta wa Hispania wakati huo, iliizuia, kwa kuwa Mexico ilikuwa bado inaitambua serikali ya Jamhuri ya Hispania iliyokuwa uhamishoni. Wajumbe wengine wakaendelea bila mkubwa wao, na hapo ndipo ulipozaliwa muungano wa akademia, ASALE. Mwaka 1956 walikutana tena, safari hii Madrid kwenyewe, na RAE ikakaa nao meza moja.

Leo muungano una akademia 23. Tahajia ya 1999 ndiyo ya kwanza kutolewa kwa makubaliano yao wote. Sarufi kubwa ya 2009 ilipitishwa na wote miaka miwili kabla, Medellín, Kolombia. Mwaka 2010 ikatoka kamusi nzima ya maneno ya Amerika, yenye vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, vipatavyo 70,000.

Afrika je? (Msomaji, Bujumbura)

Tumo. Guinea ya Ikweta ilipata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968, na Kihispania ni lugha yake rasmi, kikiishi pamoja na Kifang, Kibubi na nyinginezo. Akademia yake iliundwa mwaka 2013 na kuingia ASALE mwaka 2016, ikawa ya 23. Ufilipino wana yao tangu 1924, na Marekani tangu 1973.

Wanachama wanapatikanaje, na wanawake wamo? (Dada, Arusha)

Viti ni 46, na kila kimoja kinaitwa kwa herufi, kubwa au ndogo. Mtu hukikalia maisha yake yote. Akifariki, waliobaki wanamchagua mwingine kwa kura ya siri, naye huingia rasmi kwa kusoma hotuba. Mshairi Antonio Machado alichaguliwa mwaka 1927, akafa bila kukikalia kiti chake.

Kuhusu wanawake, historia inauma. Mwandishi Gertrudis Gómez de Avellaneda alikataliwa mwaka 1853. Emilia Pardo Bazán, mwanariwaya wa daraja la juu, alifungiwa mlango zaidi ya mara moja. Carmen Conde ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mwanachama kamili, mwaka 1978, zaidi ya miaka 260 tangu kuanzishwa.

Anayeniuma zaidi ni María Moliner. Alikuwa mkutubi. Akiwa nyumbani, baada ya saa za kazi, alitunga kamusi ya matumizi ya Kihispania iliyotoka kwa majuzuu mawili kati ya 1966 na 1967, na wanaoandika Kihispania wanaitegemea hadi leo. Jina lake lilipendekezwa mwaka 1972, Akademia ikamchagua mwanamume. Kama kazi ya chombo hiki ni kamusi, sioni aliyestahili kiti kuliko yeye.

BAKITA si ndiyo RAE yetu? (Msomaji, Tanga)

Kwa kazi zinafanana, kwa asili hapana. BAKITA iliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Zanzibar kuna BAKIZA. Chombo kinachokaribia ASALE ni Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, KAKAMA, yenye makao Zanzibar. Mimi natamani ipewe uwezo wa kutunga kamusi ambayo mabaraza na vyuo vya nchi zote vitaikubali, neno la Lubumbashi na la Lamu yakiwamo na kutajwa yanakotumika. Kwa Kihispania imewezekana kati ya nchi zilizowahi kupigana vita. Sisi tuna kizuizi gani?

Nataka cheti cha Kihispania. Nijiandikishe RAE? (Mwanafunzi, Kampala)

Hapana, mwanangu. Mitihani ya DELE, ya ngazi A1 hadi C2, iko chini ya Taasisi ya Cervantes iliyoanzishwa mwaka 1991. RAE itakufaa kwa kamusi yake, inayosomwa bure mtandaoni. Ukikwama kwenye tahajia au sarufi, humo pia kuna kamusi yao ya mashaka ya mwaka 2005, nayo imeandikwa na akademia zote.